Programu huria ni nzuri, na shida zake ni hizi

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wangu hapa Moshi wamebadilisha swali. Zamani waliuliza, "Fundi, utanipigia Windows lini?" Siku hizi wanauliza juu ya mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ulio huria, "Hivi hiyo Linux yenu ikoje?" Sababu ni mashine zenyewe. Kompyuta nyingi za stesheneri, shule na ofisi ndogo za mji huu ni mtumba, Dell na HP zilizokwisha kufanya kazi kwa watu wengine kabla ya kufika kwetu. Windows 11 inazikataa. Inadai chipu ya ulinzi ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Mashine ya kizazi cha 4 inachapa barua vizuri, inatoa kopi, inafungua barua pepe, lakini kwa hesabu za Microsoft imekwisha kustaafu.

Kwa sisi tunaoipenda programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, mlango umefunguka wenyewe, na naandika haya sasa kwa sababu naona tunavyoingia. Tunaingia na sifa nyingi mno. Ni bure kabisa. Haishiki virusi. Ni sawasawa tu na Microsoft Office, hutaona tofauti. Mtu akishaambiwa hivyo na fundi anayemwamini, halafu printa ikagoma Jumatatu asubuhi wateja wamejaa, hatailaumu printa. Atajua amedanganywa, na atakuwa amejua kweli.

Kuna shule ya sekondari upande wa milimani nilikoitwa kutazama chumba cha kompyuta. Mashine zililetwa na wafadhili zikiwa na Ubuntu, toleo moja la Linux, na aliyezileta aliwaahidi walimu kwamba zitafanya kila kitu. Mwalimu wa kompyuta alikuwa na vitabu vyenye picha za Word na Excel. Kitabu kinamwambia mwanafunzi abonyeze kitufe fulani, mwanafunzi anakitafuta kwenye kioo, hakipo, au kipo mahali pengine kwa jina jingine. Printa ya shule haikutambuliwa. Namba ya simu ya kumpigia mtu haikuachwa. Mwaka haukuisha, fundi mwingine akazifuta zote akapiga Windows ya kraki, isiyolipiwa leseni. Mwalimu yule aliponiona nimeshika flashi yangu alisema, "Mangi, hiyo Linux tulishaijaribu."

Tulishaijaribu. Asiyeisikia kabisa unaweza kuanza naye upya, lakini huyu amekwisha kufunga faili. Na chumba kilekile kilikuwa na jambo ambalo programu huria ingelifanya vizuri kuliko chochote kilichopo sokoni: Kiwix, inayokupa Wikipedia nzima bila intaneti, na Kolibri, inayobeba masomo na mazoezi kwenye mashine moja na kuyagawa kwa nyingine zote chumbani. Shule ile haikuwa na intaneti ya maana. Mashine moja ya zamani ingetosha kuwa seva. Aliyeahidi kila kitu hakutaja hilo hata kidogo, na ninaamini ni kwa sababu hakuwauliza walimu wanahitaji nini.

Nianze na hili la bure, maana ndilo linalotangulia midomoni. Leseni ya LibreOffice, programu huria za ofisi, haina bei; ya Linux Mint, toleo jingine la Linux, haina bei, na hakuna atakayekuja kukudai mwakani. Ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba mteja wa Moshi, mara nyingi, hajawahi kuinunua Windows pia. Fundi anampigia Windows na Office kwa pamoja kwa bei ya mapatano, anaziamsha kwa kraki, kazi imeisha. Ukimwambia yako ni bure anakutazama tu, kwa sababu kwake zote mbili ni hela ya fundi. Na ukihesabu vizuri, yako inaweza kumgharimu zaidi mwanzoni. Faili la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, la Mint 22 ni chini ya GB 3, na hilo ni bando. Kuna siku za kwanza ambazo mkono unatafuta vitufe na foleni inasubiri. Kuna mimi, ambaye nalipwa. Kwa hiyo husema hivi: leseni haina bei, kazi yangu ina bei, na wiki yako ya kwanza itakuwa nzito.

Kitu cha kulinganisha nacho ni kraki, na hapo sina haja ya kuongeza chumvi. Programu nyingi za kuamsha Windows zinakutaka uzime antivairasi kwanza. Yaani unamwondoa mlinzi getini ili umwingize mtu usiyemjua ndani ya mashine ambayo mchana kutwa inapokea vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na CV za watu wa mtaa mzima. Mwenye stesheneri anabeba amana kubwa kuliko anavyofikiri. Nikimweleza hivyo, bila kumtisha, ananielewa upesi kuliko nikimtajia bei. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inalinda programu za kompyuta, lakini sipendi kuuza kwa kutishia watu sheria.

Sasa hili la virusi. Linux kwenye kompyuta za mezani inashambuliwa mara chache zaidi, hilo nimelishuhudia kazini, na flashi zinazozunguka mjini zikiwa zimejaa virusi vya Windows haziifanyi kitu. Kutoka hapo hadi kusema haishiki virusi ni mbali sana. Mwaka 2014 iligundulika hitilafu iliyopewa jina la Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Ilikuwa imekaa humo wazi kwa miaka miwili, kila mtu ana haki ya kuisoma, na hakuna aliyekuwa ameitoa hadharani. Tulizoea kusema macho mengi yanaona kila kosa. Macho yalikuwa na haki ya kutazama, ila hayakuwa yakitazama.

Kisa cha xz ndicho ninachokitumia zaidi, kwa kuwa kinasema pande zote mbili kwa wakati mmoja. Xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, inakaa ndani ya karibu kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, mtu aliyekuwa amechoka. Akajitokeza mwingine kwa jina la Jia Tan, akasaidia kwa uvumilivu zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, kisha akaingiza mlango wa siri katika matoleo ya mwanzoni mwa 2024. Mwezi Machi mwaka huohuo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Akafuatilia, akaufikia ule mlango, akautangaza kabla haujaenea kwenye matoleo ambayo watu wengi wanayatumia. Angalia mambo yalivyo. Uhuria ndio uliomruhusu mgeni kuingia, uhuria ndio uliomruhusu Freund kufungua msimbo na kuona, na katikati yake kuna mtu mmoja aliyeachiwa mzigo wa dunia nzima bila mshahara. Mteja akisikia kisa hiki chote hashawishiki papo hapo, lakini ukirudi kumwambia asasishe mashine yake kila wiki, anajua kwa nini.

Ni sawasawa na Office? Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwalimu anakuja stesheneri na mtihani kwenye flashi. Ameuandika kwa Word, kwa fonti, yaani mtindo wa herufi, aliyoichagua mwenyewe. Fonti zinazotumika sana zina mbadala: Carlito hushika nafasi ya Calibri, Caladea ya Cambria, na zile za Liberation hushika nafasi ya Arial na Times New Roman, na zimepimwa upana herufi kwa herufi ili mistari isihame. Ila ukikuta fonti isiyo na mbadala wake, LibreOffice inachukua ya karibu, maneno yanatanuka, jedwali linasogea, na swali la mwisho linaangukia ukurasa wa tatu. Kwa mtu mmoja si neno. Kwa shule inayotoa nakala 200, ni karatasi 200 na wino wa ziada, na mama mwenye stesheneri ndiye atakayeulizwa. Dawa zipo. Mwalimu aje na PDF kama kazi imekwisha, au fonti ziwekwe zile ambazo una haki nazo. Lakini dawa inatolewa kabla mtu hajaugua, na fundi aliyesema hutaona tofauti hawezi kuitoa, maana amekwisha kukana ugonjwa.

Au nikupeleke kwa katibu wa AMCOS ya kahawa, chama cha ushirika cha wakulima. Kompyuta yake ina faili moja la Excel ambalo ndilo chama chenyewe: majina ya wakulima, kilo za kahawa ya maganda, malipo ya awali, makato ya pembejeo, malipo ya pili. Tulilifungua kwenye Calc ya LibreOffice, tukashuka safu kwa safu yeye akiwa na daftari la mkono pembeni. Kilo sawa. Makato sawa. Jumla sawa. Kisha akabonyeza kitufe cha kutoa stakabadhi, kilichotengenezwa na kijana aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo, na badala ya stakabadhi likatokea dirisha la kosa. Kitufe kile ni makro ya Excel, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili zijiendeshe zenyewe. LibreOffice inaelewa baadhi ya makro hizo na nyingine inashindwa.

"Sasa baba, hiki kitufe atakiandika nani upya?"

"Ninaweza mimi, mama, lakini ni kazi ya malipo na itachukua muda. Na msimu ndio huu umeanza."

Akafikiri, akasema faili hilo libaki kwenye Excel, barua na mihtasari ya vikao ihamie Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice. Nikamuunga mkono. Sikumshawishi zaidi, kwa sababu kushawishi zaidi kungekuwa kuhamishia shauku yangu kwenye stakabadhi za wakulima.

Wengine nawaambia wasihame kabisa. Mhasibu anayeishi ndani ya Tally au QuickBooks ya kompyuta, programu zilizoundwa kwa ajili ya Windows, abaki huko na anunue leseni. Mbunifu wa kadi za michango na mabango anayetegemea rangi za matbaa, GIMP, programu huria ya picha, bado itamsumbua kwenye CMYK, mfumo wa rangi nne za uchapaji, ingawa Inkscape, programu huria ya kuchora, kwa nembo ni nzuri sana na ninaisifia kwa moyo mweupe. Kwenye printa husemi kitu mpaka umejaribu. HP ndogo kama LaserJet P1102, kwa mfano, inafanya kazi kwenye Linux, ila inadai kipande cha HP chenyewe ambacho si huria na kinashushwa kwa intaneti. Ukikosa bando siku hiyo, huchapishi.

Ndiyo maana sianzi na Linux. Naanza na LibreOffice juu ya Windows ileile aliyo nayo mteja, maana inafanya kazi kote kuwili, na tunafungua mafaili yake mwenyewe, siyo ya mfano niliyoyaandaa nyumbani. Akiizoea, tunawasha kompyuta kwa flashi yenye Mint bila kugusa diski, tunajaribu printa, skana, sauti, intaneti ya simu. Ninachokuta hakiendi nakiandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili, namwachia. Karatasi hiyo imenipunguzia wateja, na waliobaki wanapiga simu kuuliza maswali badala ya kupiga simu kulalamika.

Watu huniambia kizuri chajiuza. Kwenye programu huria sikubali. Duka linalouza leseni lina faida ya kutangaza leseni. LibreOffice haimpi mwenye duka kamisheni yoyote, kwa hiyo hakuna wa kuitangaza isipokuwa sisi wenye mapenzi nayo. Na mwenye mapenzi ana hatari yake: kila shida anayoisikia anaiona kama tusi. Nimewaona vijana wazuri, wenye ujuzi, wakimjibu mama wa watu kwamba tatizo ni yeye hajui kutumia. Mama huyo hatarudi, na alikuwa sahihi.

Hata mifano mikubwa tunaichagua kwa upendeleo. Tunapenda kutaja jeshi la polisi la Gendarmerie la Ufaransa, lililohamishia makumi ya maelfu ya kompyuta kwenye Ubuntu na bado liko huko. Ni mfano wa kweli na ninautumia. Lakini nautaja pamoja na jiji la Munich, Ujerumani, lililoamua kuhamia Linux mwaka 2003, likafika mbali, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Yapo mabishano kuhusu siasa ya uamuzi ule, na malalamiko ya wafanyakazi yalikuwepo pia. Mkuu wa ofisi anayetaka kuhama anastahili kuyasikia yote mawili, ajiulize ofisi yake inafanana na ipi.

Basi kilichobaki cha kusifia ni nini? Ni kingi, na kina nguvu zaidi kikisimama chenyewe. VLC, ambayo hapa mjini iko karibu kila kompyuta yenye muziki wa kwaya au mechi za jana, ilianza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na tangu 2001 iko chini ya GPL, leseni ya programu huria. Simu za Android mifukoni mwetu zinaendeshwa na kiini cha Linux, kile alichokianza Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991. Hizo hazikuhitaji kutiwa chumvi na mtu yeyote. Zilifanya kazi yake.

Lakini kinachonigusa zaidi kiko karibu na nyumbani. Vituo vya afya vya Tanzania vinatuma taarifa zao kwenye DHIS2, mfumo huria unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake wanaouendeleza, siyo kuutumia tu. Wanaweza kuufungua, kuubadilisha, na kile walichotengeneza Dar kikawafaa watu wa nchi nyingine. Hiyo ndiyo haki ambayo Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alikuwa akiipigania alipotangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983, na kwa lugha ya kazi yangu ni hii: mfumo ukikwama, hulazimiki kumpigia magoti mtu wa mbali. Unaweza kumtafuta wa hapa, ukimpata. Neno ukimpata nalitia makusudi, kwa sababu hapa Moshi wenye ujuzi huo bado ni wachache, na yeyote anayekuahidi kwamba fundi atapatikana muda wowote muulize namba zao.

Chuo hichohicho, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili. Watu wa lugha hii walichukua msimbo wakaifanya iseme Kiswahili bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote. Najivunia kazi ile mpaka leo. Na mtu akiniuliza kama akiiweka LibreOffice sasa atapata menyu zote kwa Kiswahili, namjibu kwamba tafsiri haijakamilika, atakutana na Kiingereza njiani. Waliojitolea wana maisha yao, na matoleo mapya hayasubiri.

Hapo ndipo ningependa shauku yetu iende. Ile nguvu ya kumbishia mtu anayependa Excel inatosha kutafsiri menyu kadhaa kila jioni. Lile faili la katibu lenye kitufe kilichogoma linaweza kuripotiwa kwenye Bugzilla ya LibreOffice, tovuti inayopokea ripoti za makosa kutoka kwa yeyote: unaeleza ulifanya nini, ulitegemea nini, kilitokea nini, unaweka toleo la programu yako na kuambatanisha faili dogo linaloonyesha kosa. Futa kwanza majina ya wakulima na namba zao za simu, weka za kubuni, kwa sababu kinachopandishwa pale kinaonekana na dunia nzima. Ripoti ya katibu nimeanza kuiandaa. Amenipa ruhusa, na tumekubaliana nimpigie msimu wa kahawa ukipungua ili tulijaribu tena faili lake kwenye toleo jipya.